Sifa Itawalayo na Sifa Ijifichayo katika Damu ya Watu wa Pwani

Mtoto azaliwapo Kiegeani, katika kisiwa cha Mafia, kama azaliwapo mahali pengine po pote pwani, neno la wazee baada ya kumshukuru Mungu ni kumtafutia mtoto uso wake: pua ni ya nani, masikio ni ya nani, rangi hii imetoka upande gani. Ikiwa sura haikuonekana kwa baba wala kwa mama, wazee hawashindwi. Husema mtoto amemrudia babu yake, au bibi aliyemzaa bibi yake, na jambo likaisha. Katika usemi huo mna elimu zaidi kuliko wasemao wanavyodhani, maana unakiri kwamba kitu chaweza kukaa ndani ya mtu maisha yake yote bila ya kuonekana juu yake, kisha kikadhihiri kwa mjukuu wake.

Lakini upo urithi mwingine ambao hausemwi kwa furaha. Katika pwani yetu na visiwa vyake zimekuwako nyumba ambamo baba mzima na mama mzima hupata mtoto asiye na kasoro siku ya kuzaliwa. Miezi sita ikipita, vidole vya mikono na miguu vyaanza kuvimba, macho yageuka manjano, damu yapungua, na mtoto hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Zamani wengi wa watoto hao hawakuitimiza miaka mitano. Kaka aliyemtangulia alikuwa mzima, dada aliyemfuata alikuwa mzima, na wa nne akayarudia mateso yale yale. Kabla elimu ya hospitali haijaeleza, watu walijieleza wenyewe, na mara nyingi mzigo wa maelezo ulimwangukia mama. Mume akaoa mke mwingine, akapata watoto wazima, na hukumu ikaonekana kwamba imethibitika.

Hukumu ile haikuwa ya haki, na historia ya namna ilivyobatilishwa ni ya kutazamwa na sisi kwa makini, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilitokea katika Afrika ya Mashariki, katika damu ya watu wa ziwa Viktoria na watu wa pwani. Ndani yake mna maneno mawili ambayo wanafunzi huyakariri upesi na kuyaelewa polepole: sifa itawalayo na sifa ijifichayo.

Mwanzo wa maneno hayo ni bustani ya watawa katika mji wa Brünn, ambao leo huitwa Brno, katika nchi ya Cheki. Huko, kati ya mwaka 1856 na 1863, mtawa aitwaye Gregor Mendel alipandisha njegere za namna mbalimbali. Alichukua mmea wa mbegu za mviringo akaupandisha na mmea wa mbegu zenye makunyanzi, na watoto wao wote wakawa wa mviringo. Mtu mwingine angalisema makunyanzi yamekufa. Mendel aliwaacha watoto wale wazae wenyewe kwa wenyewe, kisha akahesabu mbegu za wajukuu: 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zilikuwa na makunyanzi, yaani karibu tatu kwa moja. Makunyanzi hayakuwa yamekufa, yalikuwa yamejificha. Alitambua kwamba kila mmea unazo nakala mbili za kila kisababishi cha sifa, moja ya baba na moja ya mama, na kwamba unapozaa hutoa moja tu kati ya hizo mbili. Sifa ya mviringo ilionekana hata kwa mmea wenye nakala yake moja. Makunyanzi hayakuonekana ila pale nakala zote mbili zilipokuwa za makunyanzi. Ya kwanza aliiita itawalayo, na ya pili ijifichayo.

Makala yake yalitoka mwaka 1866, na kwa miaka zaidi ya thelathini dunia haikuyajali. Yalifufuliwa mwaka 1900. Kisababishi kile sasa huitwa jeni, na namna mbalimbali za jeni moja huitwa aleli.

Hapana budi kusimama kidogo katika neno kutawala, kwa kuwa limewapoteza watu wakubwa kuliko sisi. Mtawala katika lugha yetu ana kiti, ana askari, na raia zake huongezeka kwa kuteka nchi. Basi msikiaji hudhani kwamba aleli itawalayo ina nguvu ya kuishinda nyingine, na kwamba kizazi baada ya kizazi itaenea mpaka ile ijifichayo ikome. Wazo hili lilizuka Uingereza mwaka 1908 katika mjadala baina ya wataalamu. Punnett, mmoja wa wafuasi wa Mendel, alilipeleka swali kwa rafiki yake G. H. Hardy, mwalimu wa hesabu katika chuo cha Cambridge. Hardy alijibu kwa barua fupi, karibu kwa kuona haya, maana hesabu yenyewe aliiona kuwa nyepesi mno. Alionyesha kwamba kama watu huoana bila ya kuchagua kwa ajili ya sifa ile, na kama hapana kinachowaua wenye aleli moja kuliko wenye nyingine, basi kadiri ya kila aleli katika watu hubaki ile ile, kizazi cha kwanza na cha mia. Kutawala si kuenea. Daktari Weinberg wa Ujerumani aliipata kanuni hiyo hiyo katika mwaka ule ule peke yake. Basi aleli ikionekana imezidi au imepungua, pana jambo nje ya kutawala linalofanya kazi hiyo, na mwenye akili hulitafuta.

Turejee kwa mtoto yule mwenye vidole vilivyovimba. Ugonjwa wake haukuandikwa kwanza Afrika bali Chicago, mwaka 1910, na daktari James Herrick, aliyetibu kijana mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Katika hadubini aliona chembe nyekundu za damu ambazo badala ya kuwa za mviringo zilikuwa nyembamba na kupindika mfano wa mundu. Ndiyo maana siku hizi Kiswahili huuita ugonjwa huu selimundu. Mwaka 1917 daktari Emmel aligundua jambo la ajabu: damu ya baba wa mgonjwa mmoja, baba asiyeumwa na kitu, nayo ilipowekwa chini ya kioo na kunyimwa hewa kwa muda, chembe zake zilipinda vile vile. Mwaka 1923 Taliaferro na Huck wakaichunguza habari hii katika jamaa mbalimbali na wakatoa neno lao: kupinda kwa chembe ni sifa itawalayo, maana inatosha mzazi mmoja kuwa nayo ili mtoto aipate.

Neno hilo lilikuwa kweli, na lilifunga njia kwa zaidi ya miaka ishirini. Maana kama sifa ilikuwa itawalayo, mbona wengi wenye chembe za kupinda walikuwa wazima kabisa, wakilima na kuvua na kuzaa, na wachache tu wakaumwa? Wengine walidhani ni ugonjwa mmoja wenye ngazi, mwepesi kwa huyu na mzito kwa yule. Katika Afrika fumbo lilizidi kuwa gumu, kwa kuwa madaktari waliwakuta wenye chembe za kupinda kwa maelfu lakini wagonjwa wakubwa walikuwa adimu. Madaktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, waliitambua sababu ya uadimu huo: wagonjwa hawakukosekana, bali walikufa wangali wachanga, na kifo chao kikahesabiwa kuwa ni homa tu miongoni mwa homa nyingi.

Ufunguo ulipatikana mwaka 1949, mahali pawili kwa wakati mmoja. James Neel huko Marekani na daktari E. A. Beet, aliyekuwa akifanya kazi katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, kila mmoja alipima damu ya wazazi wa watoto wagonjwa. Kwa kila mtoto mgonjwa walimkuta baba ana chembe za kupinda na mama ana chembe za kupinda, na wote wawili ni wazima. Basi ugonjwa wahitaji nakala mbili za aleli ya mundu, na mwenye nakala moja ni mchukuzi tu. Katika mwaka huo huo Linus Pauling na wenzake huko California waliionyesha aleli katika dutu yenyewe. Walipitisha nguvu ya umeme katika hemoglobini, rangi nyekundu ichukuayo hewa katika damu, wakaona hemoglobini ya mgonjwa inakwenda mwendo mmoja, ya mtu wa kawaida inakwenda mwendo mwingine, na ya mchukuzi ina namna zote mbili pamoja, zikikaa kando kwa kando. Baada ya miaka michache Vernon Ingram wa Cambridge alionyesha kwamba tofauti yote hiyo ni kiungo kimoja katika mnyororo wa hemoglobini: mahali panapostahili asidi ya glutamiki pana valini.

Hapa ndipo nitakapo msomaji akae. Aleli ni moja, na watazamaji ni watatu. Anayetazama chembe katika hadubini, baada ya kuzinyima hewa, atasema aleli ya mundu ni itawalayo, kwa kuwa nakala moja yatosha kuzipinda. Anayemtazama mtoto kitandani atasema ni ijifichayo, kwa kuwa nakala moja haimwugui. Naye anayeitazama hemoglobini katika umeme atasema hapana atawalaye wala ajifichaye, wote wawili wamo. Hapana hata mmoja wao aliyekosea. Kutawala na kujificha si tabia zilizoandikwa juu ya aleli kama jina juu ya mlango. Ni namna ya kueleza yale yaonekanayo tunapolinganisha watu wenye nakala moja na wenye mbili, na jibu hutegemea swali lililoulizwa. Vitabu vya shule huweka safu mbili, tawala huku na fiche huku, na mwanafunzi hutoka akidhani kwamba kila aleli ina safu yake ya milele. Nadhani kuanza na njegere ni jambo jema, lakini kumaliza na njegere ni hasara.

Sasa tumchukue mume na mke wa kubuni, watu wa Kiegeani, wote wachukuzi, wote wazima. Kila mmoja ana aleli ya kawaida na aleli ya mundu, na kila mimba hupokea moja ya baba na moja ya mama kwa bahati. Kwa mimba moja, nafasi ya mtoto kupata aleli mbili za kawaida ni robo. Nafasi ya kuwa mchukuzi kama wazazi wake ni nusu. Nafasi ya kupata mbili za mundu ni robo. Watu huikosea robo hii. Hudhani kwamba mmoja akiisha kuugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo, kila mimba huanza hesabu upya. Katika kila jamaa 100 kama hizo zenye watoto wanne, 32 hivi hazitapata mgonjwa hata mmoja, na majirani watawaita wenye baraka, hali damu yao ni ile ile ya nyumba ya pili iliyozika wawili. Mume huyu akioa mke mwingine asiye na aleli ya mundu, watoto wake kwa mke yule hawataugua selimundu, ingawa nusu yao, kwa kadiri ya bahati, watakuwa wachukuzi. Kwa hiyo ule ushahidi uliotumika kumhukumu mke wa kwanza haukuwa ushahidi wa kitu. Yeye alitoa nakala moja, na mume alitoa nyingine. Wala mke wa pili hakushinda kwa wema. Alikuwa na aleli nyingine tu.

Linabaki swali gumu kupita yote. Kama watoto wenye nakala mbili walikufa kabla ya kuzaa, basi kila kifo kilizikwa na nakala mbili za aleli ya mundu. Kwa kanuni ya Hardy, kitu kinachouawa namna hiyo hupungua kizazi kwa kizazi. Mbona haikupungua? Mbona katika pwani na kandokando ya ziwa walikuwako watu ambao mmoja katika watano, au zaidi, alikuwa mchukuzi?

Aliyelijibu alikuwa Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyekulia Kenya. Mwaka 1949, angali mwanafunzi wa udaktari, alifuatana na msafara wa chuo kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akachukua damu za makabila mbalimbali. Aliona kwamba wachukuzi walikuwa wengi pwani na karibu na ziwa Viktoria, na kwamba katika nyanda za juu, kwa Wakikuyu na Wamasai, walikuwa wachache mno. Ukiichukua ramani ya wachukuzi na kuiweka juu ya ramani ya mbu waletao malaria, zinaelekea kulingana. Beet naye alikuwa ameandika mwaka 1946 kwamba wachukuzi huonekana na vimelea vya malaria katika damu kwa uchache kuliko wenzao. Allison akarejea Afrika mwaka 1953. Karibu na Kampala alipima watoto 290 wa Kiganda: kati ya wachukuzi 43, wenye vimelea walikuwa 12, kati ya wasio wachukuzi 247, wenye vimelea walikuwa 113. Tena alifanya jaribio ambalo leo lingepita kwa shida mbele ya baraza lo lote la maadili. Watu wazima 30 wa Kiluo walioridhia, nusu wachukuzi na nusu sio, walitiwa malaria kwa makusudi. Wasio wachukuzi waliougua walikuwa 14 katika 15. Wachukuzi walikuwa 2 katika 15.

Hata hivyo, hesabu inayonivuta mimi zaidi si ile ya jaribio. Ni ile aliyoichapa mwaka 1956 kutoka wilaya ya Musoma, mashariki ya ziwa. Alipima watoto wachanga 287. Wasio na aleli ya mundu walikuwa 189, wenye nakala moja 89, wenye nakala mbili 9. Kisha akapima watu wazima 654 wa nchi ile ile: wasio nayo 400, wenye moja 249, wenye mbili 5. Wachanga wanafuata kanuni ya Hardy karibu sawasawa. Wazima hawaifuati. Kwa kadiri ya aleli walizokuwa nazo, wazima wale wangetazamiwa kuwa na wachukuzi 208 hivi, nao walikuwa 249. Wangetazamiwa kuwa na wenye nakala mbili 26 hivi, nao walikuwa 5. Kwa wachanga, wachukuzi ni 31 kwa mia. Kwa wazima ni 38 kwa mia. Wala hapana mtu anayepata aleli mpya baada ya kuzaliwa. Wachukuzi hawakuongezeka; wenzao ndio waliopungua. Baina ya utoto na utu uzima, selimundu ilikuwa imewachukua wenye nakala mbili, na malaria ilikuwa imewachukua wengi wa wale wasio na nakala hata moja. Hesabu hizi sita ni kama daftari ya mazishi ya wilaya nzima, iliyosomwa kutoka damu ya waliobaki. Baadaye uchunguzi mwingi, mmoja wao wa Kilifi katika pwani ya Kenya, umeonyesha kwamba nakala moja hupunguza hatari ya malaria kali kwa kiasi cha 90 kwa mia.

Basi mtazamaji wa nne ameingia. Yeye hautazami umbo la chembe wala kitanda cha mgonjwa, hutazama ni nani anayeishi mpaka akazaa, na kwake aliye bora katika nchi ya mbu si mwenye mbili za kawaida wala mwenye mbili za mundu, bali yule aliyechanganya. Aleli ile ilibaki kwa sababu iliwaokoa watoto wengi na kuwaua wachache, na nyumba zilizolipa gharama hazikuwa ndizo peke yake zilizopata faida.

Kwa kisiwa kama Mafia jambo hili lina historia nyuma yake. Watu wa huko hawakutoka mahali pamoja. Walikuja wasemao lugha za Kibantu kutoka bara. Ikasimama miji ya Kisimani na Kua. Wakaja watu kutoka pwani ya kaskazini, kutoka Komoro na kutoka Arabuni. Mwanzoni mwa karne ya 19 Kua ikavamiwa na Wasakalava wa Bukini. Na katika karne hiyo, chini ya Masultani wa Unguja, mashamba ya minazi yakaleta watumwa wa kutoka bara ambao uzao wao umebaki kisiwani. Kila kundi lilikuja na aleli zake kwa kadiri mbalimbali. Kisha wote wakalala chini ya mbu wale wale. Mbu hakuuliza nasaba. Mtoto wa shamba na mtoto wa mwenye shamba, ikiwa wote wawili wamepata nakala moja, walipata ngao moja.

Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu palikuwa na wakati ambapo chembe ya mundu ilifanywa alama ya asili za watu. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapa hesabu za makabila ya Uganda, na walikuta wachukuzi 45 kwa mia katika Waamba, na wachache sana kwa watu wa milimani. Kazi ya kupima ilikuwa njema, lakini walijaribu pia kuisoma kama ushahidi wa nani alitoka wapi na nani alichanganyika na nani. Huko Marekani chembe hii ilikuwa imekwisha kuitwa ya watu weusi tu. Lehmann mwenyewe alisaidia kuibomoa dhana hiyo: mwaka 1952 yeye na mwenziwe walitoa habari ya chembe ya mundu katika watu wa milima ya Nilgiri, kusini ya India. Imekutwa pia Ugiriki, Sisili na mashariki ya Arabuni. Oman ina aina zake zaidi ya moja, na mojawapo ni ile iliyoenea kwa wasemao lugha za Kibantu, jambo lisilomshangaza ajuaye safari za majahazi. Aleli hii hufuata malaria na safari za watu. Rangi ya ngozi haina sauti hapa.

Swali la ndoa za jamaa nalo linahitaji kuguswa, kwa kuwa katika visiwa vyetu kuoa binamu ni desturi ya zamani yenye faida zake, hasa ya kuweka shamba na heshima ndani ya ukoo. Wahubiri wa afya wengine huilaumu desturi hii kwa kila ugonjwa wa kurithi. Hesabu ni makini kuliko lawama. Kwa sifa iliyo adimu, kama ualbino, ambao pia ni sifa ijifichayo na ambao hukadiriwa kwa mtu 1 katika kila 1,400 wa Tanzania, ndoa ya binamu wa kwanza huizidisha hatari zaidi ya mara tatu. Kwa aleli iliyoenea, hatari huongezeka kwa uchache: pale ambapo katika kila nakala 100 kumi ni za mundu, ndoa za wasiohusiana hutoa watoto wagonjwa 10 katika 1,000, na za binamu hutoa 16 hivi. Kijana wa Kiegeani anayekwenda kuoa Kilindoni au Dar es Salaam kwa kukimbia damu ya ukoo wake hajakimbia mbali, kwa maana aleli yenyewe inamngojea huko. Kinachofaa ni kupima damu.

Na leo kupima kunawezekana, jambo ambalo mabibi zetu hawakulipata. Watoto wazaliwao na selimundu Tanzania hukadiriwa kufika 11,000 kila mwaka, na nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye idadi kubwa kabisa duniani. Katika hospitali ya Muhimbili, tangu mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wamewafuata wagonjwa kwa maelfu, na kazi yao imetoa sura ya ugonjwa huu ambayo haikuwako. Kumtambua mtoto mapema, kumkinga na vidudu vya nimonia, kumlinda na malaria, na kumpa dawa ya haidroksiyurea kumebadili maisha ya wengi. Jambo la malaria huwashangaza watu: aliye na nakala moja hukingwa nayo, lakini aliye na mbili ikimpata humwua upesi.

Wanafunzi huuliza: malaria ikiondoka kabisa, aleli ya mundu itaondoka nayo? Hesabu yaweza kufanywa kwa penseli. Tuseme katika kila nakala 100 ziko 19 za mundu, kama walivyokuwa karibu wachanga wa Musoma. Tuseme hapana tena mbu, na tuseme, kwa ukali usio wa zama hizi za dawa, kwamba hakuna mwenye nakala mbili anayeishi mpaka akazaa. Nusu ya aleli hiyo itatoweka baada ya vizazi vitano hivi, yaani miaka 130 ukihesabu kizazi kwa miaka 25. Nusu ya nusu iliyobaki itahitaji vizazi vingine kumi na zaidi, miaka 260 hivi, na inayofuata mara mbili ya hiyo. Sababu ya uvivu huu ni mafichoni. Mwanzoni, kwa kila mtoto mmoja mwenye nakala mbili wapo wachukuzi wanane au tisa wasioumwa. Aleli ikishapungua hata robo ya kadiri yake ya kwanza, kwa kila mgonjwa mmoja watakuwako wachukuzi arubaini, wanalima, wanavua, wanaoana, wala hapana alama juu ya uso wa ye yote kati yao.